Presha ya oili iko juu, na fundi ni kama baba yangu

Shikamoo mshauri.

Niwie radhi, najua hapa watu huleta ya ndoa, wakwe na mirathi. Yangu yanaanzia kwenye injini. Ila usiku silali, na ninayeogopa kumkosea ni mtu, si gari.

Marehemu baba alituachia Land Rover 109 ya mwaka 1976, ya petroli, yenye ile injini ya lita mbili na robo. Alilinunua mnadani mwaka 1987, mimi sijazaliwa. Ndilo lililobeba kahawa yetu, likatupeleka shule, na usiku wa mvua ndilo lililokuwa ambulansi ya kijiji kizima. Baba alipofariki miaka miwili iliyopita lilikuwa linatoa moshi wa bluu na kunywa oili kama mlevi. Tukaliegesha chini ya mparachichi. Kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma.

Maisha yake yote gari hilo limeshikwa na fundi mmoja. Si ndugu wa damu, lakini sisi watoto tunamwita Baba Mdogo, na kwenye msiba alikaa mbele na familia. Ana miaka 74. Jicho moja ameshatolewa mtoto wa jicho, la pili linasubiri. Nilipomwambia nimeweka akiba nataka injini ya baba ifufuliwe, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hii itakuwa injini yangu ya mwisho. Nikiimaliza nafunga gereji." Nililipia vipuri na kazi ya kuchonga tu. Ya mkono wake alikataa. Nilipomsisitiza akaniuliza kama nina nia ya kumtukana.

Kazi ilichukua miezi mitano. Silinda zikachongwa, krenki (mhimili mkuu wa injini) ikachongwa, pistoni mpya, ringi mpya, beringi zote mpya. Pampu ya oili ikarudi ileile, kwa sababu alisema gia zake hazijalika na pampu za siku hizi hazimridhishi. Ilipowaka, mwezi wa sita, alitoa kofia akageukia ukutani. Nilijifanya sijaona.

Sasa, zamani gari lilikuwa na taa ya oili tu. Kaka yangu wa Dar akaninunulia geji ya umeme Kariakoo, na senda yake, kile kifaa cha kwenye injini kinachoipelekea geji habari, tukafunga moja iliyokuwa gerejini kwa Baba Mdogo. Asubuhi injini ikiwa baridi mshale unakwenda mpaka mwisho, psi 100 (psi ndicho kipimo cha presha). Nikienda Himo na kurudi, injini imepata moto sawasawa, kwenye mwendo wa 50 hivi inasoma 90. Nikisimama linaunguruma tu, 60. Kitabu cha gari, ambacho baba alikihifadhi ndani ya mfuko wa sukari, kinasema iwe 35 hadi 65 injini ikiwa moto, kwa mwendo wa maili 30 kwa saa kwenye gia ya juu. Na wiki iliyopita nimeona oili inachuruzika kwenye kikombe cha filta. Si nyingi, labda kisoda kimoja kwa siku.

Kaka anasema nisimsumbue mzee wa watu, presha kubwa ndiyo afya ya injini, wenzangu wanalia yao haipandi. Baba Mdogo anasema, "Injini mpya hujidai. Itashuka yenyewe." Mume wangu, bila kuniambia, akalipeleka kwa fundi kijana wa pale mjini, aliyesomea VETA. Nilikwenda kumwona baadaye. Ni kijana mwenye adabu, alisikiliza, akasema njia za oili ndani ya bloku zimeziba, injini ishushwe ifunguliwe yote, milioni moja na laki nane. Kisha akauliza, bila ubaya, "Mzee aliyeifunga, macho yanamsumbua?" Hajawahi kumwona Baba Mdogo. Lile swali limenichoma mpaka leo.

Mwezi wa kumi kaka anataka tulipeleke Arusha. Tangu ile Oktoba ya 2024 Land Rover zaidi ya 1,000 zilipopanga msafara pale, hasikii la mtu. Baba Mdogo atakaa kiti cha mbele. Ameshanunua kofia mpya.

Nikikumbuka alivyotutendea nashindwa hata kufungua mdomo. Mwaka 2003 taa ya oili ilianza kupepesa kila tukisimama, na nyumbani hela ya vipuri haikuwepo, ada zetu zilikuwa zimemaliza kila kitu. Baba Mdogo aliingia chini ya gari asubuhi, kufika saa tisa alasiri akatoka, taa imezima, hakununua kitu, hakudai kitu. Gari likaendelea miaka mingine mingi. Mtu wa namna hiyo nimwambie kwamba amekosea? Au nimwachie kijana afungue kimyakimya? Au ninyamaze, nisali ishuke yenyewe kama alivyosema?

Mtoto wa Mwenye Gari, Moshi


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mhariri alinipa barua yako huku anacheka, kwa kuwa anajua kabla ya kukaa kwenye kiti hiki nilishika spana miaka kumi na moja. Niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilisoma kama fundi, nikaruka maneno mengi. Ya pili nikakutana na kofia mpya, na mambo yakawa magumu.

Nikikusikia vizuri, una geji inayosema hivi, mzee anayesema vile, kijana mwenye lake, kaka mwenye lake, na mume aliyekwenda kwa kijana bila kukuambia. Katikati yao wote umejifunga kwa kamba moja: kwamba ukiuliza, umeshtaki. Kamba hiyo hujafungwa na Baba Mdogo. Katika barua nzima sijaona mahali alipokukataza kuuliza. Alikukataza kulipa.

Tuanze na chuma, maana hapo kuna mambo ambayo yakieleweka huenda mazungumzo yenyewe yakapungua uzito.

Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili, kila mzunguko kiasi kilekile. Presha hutokea pale oili inapobanwa kupita. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, zibia mdomo kwa dole gumba: ndani ya mpira maji yana nguvu ajabu, ila mchicha haulowi. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na kaka yako moja kwa moja, ingawa najua alikolitoa neno lake. Tumezoea injini zilizochoka, beringi (vile vikalio ambamo krenki inazunguka) zimelika, oili inapita ovyo na taa inapepesa. Kwa mwenye gari la namna hiyo presha kupanda ni habari njema. Injini iliyofungwa upya ina nafasi finyu kwenye beringi, na kusoma juu kidogo kuliko zamani ni kawaida. Lakini beringi haijui psi. Inachojua ni kama oili imeifikia.

Kwa nini basi presha isipande mpaka ipasue kila kitu? Kwa sababu pale kwenye pampu, ndani ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, kuna vali ndogo yenye springi. Presha ikiishinda springi, vali inasogea na oili iliyozidi inarudi chini ilikotoka. Springi hiyo ndiyo inayoweka kikomo. Na hapa ndipo yule kijana ananitia shaka, pamoja na adabu yake. Njia zikiziba, ni kweli oili inakosa pa kwenda. Ila vali ikiwa nzima ingefunguka palepale kwenye kikomo chake, na usingeona 90 injini ikiwa moto. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye bloku, namba hiyo inatuuliza maswali mawili: geji inasema kweli? Na kama inasema kweli, vali inafanya nini?

Usinielewe vibaya. Sisemi njia zako ziko wazi. Kijana anaweza kuwa sahihi kwa sababu ambazo geji haizioni. Beringi za krenki, kwa mfano, nusu ya juu ina tundu la kupitishia oili. Fundi akichanganya, akaweka isiyo na tundu juu, oili imezibiwa mlango na presha haitakuambia. Ninachosema ni kwamba 90 peke yake si ushahidi wa milioni moja na laki nane.

Geji kwanza. Umeandika, kama jambo dogo, kwamba geji ilitoka Kariakoo na senda ikatoka gerejini kwa Baba Mdogo. Geji ya umeme haioni oili, inapima ukinzani wa umeme unaotoka kwenye senda, na kila geji ina senda ya ukoo wake. Ukifunga za koo mbili, mshale utacheza vizuri tu, utapanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, na namba ikawa ya uongo. Nimewahi kuona mtu anauza gari kwa sababu ya geji. Kuna geji ya kimakanika, ile yenye bomba jembamba linalofungwa mahali pa senda na oili yenyewe ikapanda kusukuma mshale. Gereji nyingi za maana wanayo. Ni kazi ya nusu saa, haifungui chochote, na haimtuhumu mtu.

Kuchuruzika kwa filta nako kuna pande mbili. Inaweza kuwa presha kweli inasukuma. Inaweza pia kuwa ile sili ya mpira inayokaa kwenye mfereji juu ya kikombe: ya zamani hukaukia mle ikafanana na chuma, fundi akaweka mpya juu yake bila kujua, na mbili hazikai. Hilo limewapata wenye macho mazima, nami nimo.

Hukuniambia ni oili gani imewekwa. Kama ni ile namba 40 ya kwenye pipa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba inakuwa nzito kama uji, na vali hata ikiwa nzima huenda isiwahi kuitoa yote. Hiyo ingeeleza ile 100 ya asubuhi. Ile 90 ya kurudi Himo haielezi.

Sasa niruhusu nirudi kwenye aya uliyoiandika mwisho, uliyoiona ni ya shukrani tu. Mimi ndiyo iliyonikalisha.

Mwaka 2003. Taa inapepesa gari likisimama, hela hakuna, mzee anaingia chini ya gari, anatoka saa tisa alasiri, taa imezima, na hakuna kilichonunuliwa. Mwanangu, nimefanya kazi hiyo. Unamwaga oili, unateremsha sampu, unafungua vali kwenye pampu, unaweka washa moja au mbili nyuma ya springi, au unaivuta springi kidogo kwa mkono iwe ngumu zaidi. Tulikuwa tukilifanya kwa wateja tuliowajua kwamba ada za watoto ndizo zimekula hela ya beringi. Tuwe wakweli, springi ngumu haizibi nafasi za beringi zilizolika, na dawa yenyewe ni beringi. Ila kama vali imelegea na inarudisha oili kabla ya wakati, hapo taa huzima kweli, na watu wanafika shambani na hospitali.

Kisha miaka mingi inapita. Injini inafunguliwa, kila kitu kinabadilishwa, isipokuwa pampu. Pampu inarudi ileile kwa kuwa gia zake hazijalika. Na springi iliyokazwa kwa ajili ya injini iliyochoka inajikuta ndani ya injini mpya.

Inawezekana sivyo kabisa. Vali inaweza kuwa imenasa kwa uchafu wa kazi ya kuchonga, au kukawa na sababu ambayo hakuna kati yetu aliyeifikiria. Lakini kama ndivyo, angalia lile swali la kijana lililokuchoma linavyogeuka. Kilichokosewa hakitakuwa cha macho ya mwaka huu. Kitakuwa msaada aliowapa mkiwa na shida, ambao yeye mwenyewe ameusahau, kwa vile hakuuandika popote na hakuutolea risiti.

Nisikupe hukumu, maana siko chini ya gari hilo wala siko kwenye meza yenu. Nikupitishe tu kwenye njia zilizopo nikuoneshe mashimo yake.

Ya kunyamaza. Inavutia, na huenda Baba Mdogo akawa sahihi kidogo. Beringi zikizoeana presha hushuka kiasi. Kutoka 90 hadi chini ya 65 kwa kuzoeana tu, sina imani. Shimo la njia hii ni lile la asubuhi. Injini baridi, oili nzito, mtu mwenye haraka anapiga resi, sili ya filta inatoka. Gari lako linabeba lita sita na ushei za oili, na sili ikitoka zinaweza kumwagika zote kabla hujafika kilomita ya tatu. Hapo ndipo injini za ovaholi hufa, presha ikiwa sifuri baada ya kuwa kubwa mno. Kuna na jingine: kwenye injini hiyo gia moja inayotoka kwenye kamshafti ndiyo inayozungusha pampu na distribyuta kwa pamoja. Pampu ikifanya kazi nzito kupita kiasi kila asubuhi, gia hiyo ndiyo inayobeba. Ukichagua kusubiri, basi usilisafirishe mbali, na asubuhi mwachie apate moto polepole bila kukanyaga. (Unaona, nimeshaanza kuliita kama mtu. Ni ugonjwa wa mafundi.)

Ya kumpa kijana kimyakimya. Sikatai kwamba anaweza kuifanya vizuri. Ila kufungua injini nzima ambayo ndiyo kwanza imefungwa kuna gharama zaidi ya aliyokutajia. Kila gasketi inaondoka, na ringi zilizoanza kuzoea silinda zinavurugwa. Na kimyakimya ya Moshi unaijua. Baba Mdogo atasikia sokoni, kwa mtu wa tatu, yakiwa yameongezewa chumvi. Sidhani unaogopa atakasirika. Nadhani unaogopa atakubali. Kwamba atasema, "Sawa mwanangu, macho kweli," na kofia ikabaki kwenye msumari.

Kama hofu ni hiyo, iangalie vizuri, maana pengine yeye ameshaitazama. Fundi wa miaka 74 aliyeona mshale umefika 100 hakuuona kwa bahati mbaya. "Itashuka yenyewe" ni maneno tunayoyasema wateja wakiwa wamesimama karibu na sisi bado tunafikiri. Nimeyasema mara nyingi, halafu usiku nikawa nafungua injini ya mtu kichwani, nati baada ya nati. Huenda mko wawili msiolala, na kila mmoja anamlinda mwenzake.

Ya kwenda kwake. Hii ina shimo lake pia, usidhani naisukuma kwa sababu ina joto. Anaweza kukujibu, "Niachie," akaingia chini mwenyewe na jicho moja, akalegeza springi mpaka geji ikasoma vizuri, mkafurahi wote. Kumbe njia zimeziba kweli na sasa hata dalili imeondoka. Presha iliyoshushwa kwa springi inaonekana sawa na presha nzuri. Kwa hiyo ukienda, ni vyema uende na vitu vya kutazamwa na wote. Lala na daftari siku chache: asubuhi ilisoma ngapi, ilisoma ngapi baada ya Himo, mwendo gani, ukisimama ngapi. Chukua kile kitabu ndani ya mfuko wake wa sukari, akione. Mwombe mfungue kifuniko cha juu cha valvu injini ikiwa inaunguruma taratibu, muone kama oili inafika kule juu na kutiririka kwenye roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Hiyo haisemi yote kuhusu krenki, lakini kukiwa kukavu hakuna mjadala tena. Filta ikitolewa, kunjueni karatasi yake juani mtafute punje zinazong'aa. Chache kwenye injini mpya zisikutishe. Zikijaa kama mchanga wa mtoni, hapo yule kijana ana hoja.

Na ukianza mazungumzo, sioni kwa nini uanzie mwezi wa sita. Anzia 2003. Mwulize, "Baba Mdogo, ile siku taa ilipozima, ulifanya nini kule chini?" Ni swali la mtoto aliyekuwepo, na ni kweli unataka kujua. Atakusimulia, wazee wa spana wanakumbuka injini kuliko majina ya wajukuu. Sitashangaa akinyamaza katikati ya hadithi.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja, labda kwa sababu umewaweka hao wawili kwenye mizani moja. Sampu ya gari hilo inateremshwa injini ikiwa palepale, na pampu inatoka na bolti zake. Kazi ya siku moja, gasketi na oili mpya. Kinachotakiwa chini pale ni macho mazuri. Juu, ni mtu anayeijua injini hiyo tangu 1987. Kijana anaweza kulala chini na tochi katika gereji ya Baba Mdogo, mzee akikaa kwenye kigoda anauliza anaona nini. Wakishafika hapo wanaweza kufungua kepu moja ya beringi watazame rangi yake na tundu lake, na kujua kama bloku inahitaji kushushwa. Hatari iko kwenye ulimi. Ulisema ana adabu. Ila adabu ya kwa mteja na adabu mbele ya fundi mzee ni mbili tofauti, na ungepaswa kuzungumza naye kabla. Hatari nyingine ni kwamba Baba Mdogo ataona umeleta mwamuzi. Inategemea nani anamwalika. Akimwalika yeye, ni mwanafunzi.

Kuhusu mume wako nitasema machache, kwa kuwa nawe umesema machache. Kulipeleka gari la marehemu baba yako kwa mtu bila neno ni jambo linalohitaji kukaa chini. Lakini pia ni mtu aliyeona hulali. Mwulize alikuwa anakimbilia nini kabla hujamwambia alichokiruka.

Na Arusha. Ni kilomita 80 hivi za lami. Safari yenyewe haitishi. Kinachotisha ni asubuhi ya msafara, watu wamewasha pamoja, kila mmoja anamwonesha mwenzake mlio, kaka yako mguu kwenye mafuta na injini haijapata moto. Kama kufikia wakati huo hamjui kinachoendelea ndani ya sampu, mnaweza kwenda bila gari hilo, mkapanda la rafiki. Mnaweza pia kulipeleka juu ya lori, wapo wafanyao hivyo na hawachekwi. Kofia haijashonwa kwa ajili ya kiti kimoja tu. Lakini uamuzi huo nisingeuacha kwa kaka peke yake, anayekuja na kuondoka na ndege ya jioni.

Ukishajua walichokuta nyuma ya ile springi, hata kama ni bure, niandikie. Na ukienda kwa Baba Mdogo, nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali kwa lile jicho.